Wojtyla: Mwanafunzi aliyefunzwa na safari

Kabla ya kuwa Papa Yohane Paulo wa Pili mnamo 1978, Karol Wojtyla aliwahi kuwa mwanafunzi ugenini. Alipata upadri Krakow, Poland, Novemba 1, 1946, na mwezi huo huo akatumwa Roma kusomea teolojia katika chuo cha Angelicum. Huko alizuru makanisa ya kale na makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kwanza.

Likizo ya 1947 ilimpeleka Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Nchini Ufaransa alikuta makanisa ya fahari, ilhali wafanyakazi wengi walikuwa wameyapa kisogo, hata baadhi ya mapadri wakaajiriwa viwandani ili wawe karibu nao. Wojtyla, aliyevunja mawe machimboni wakati wa vita, aliyaelewa hayo. Karibu na Charleroi, Ubelgiji, aliwahudumia Wapoland waliochimba makaa ya mawe.

Hakuusahau mwenendo huo wa kuwafuata waumini walipo. Kufikia kifo chake Aprili 2, 2005, alikuwa amezuru zaidi ya nchi 120. Kenya alifika mara tatu: 1980, 1985 na 1995.