Mtakatifu Kizito, Mkristo wa Siku Nane

Mkulima wa Sepuka, katika nchi kame ya Singida, hulima shamba lake la uwele kwa jasho, hupanda kwa wakati, kisha huinua macho mbinguni. Jembe halinunui mvua. Mvua hushuka kwa wema wa Mungu, naye mwenye busara huipokea kwa shukrani. Ndivyo ilivyo neema. Wako Wakristo wema wanaokesha kwa hofu, wakihesabu rozari na novena zao kama mdaiwa ahesabuvyo fedha, wasijue kama zitatosha kuilipia mbingu. Hao na wayatazame maisha ya Kizito wa Uganda.

Kizito alikuwa mdogo kuliko Mashahidi wote wa Uganda. Umri wake ulikuwa kama miaka 14. Alikuwa mmoja wa vijana waliotumika katika jumba la Kabaka Mwanga, akafundishwa dini pamoja nao. Mara nyingi alimwomba Padre Lourdel, mmisionari wa Afrika, ambatize, naye akaambiwa angoje. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa ameweka utaratibu wa ukatekumeni wa miaka minne, ili imani ipate mizizi.

Tarehe 15 Novemba 1885 Mwanga alimwua Yosefu Mukasa, kiongozi wa vijana wale Wakatoliki. Karoli Lwanga alishika nafasi yake, akabatizwa siku ile ile, akawa ngao ya wadogo dhidi ya tamaa mbaya za mfalme. Mwezi Mei 1886, huko Munyonyo, hasira ya Kabaka iliwaka. Usiku wa kuamkia tarehe 26, Lwanga aliwabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, akiwamo Kizito. Padre hakuwapo, maji yalikuwapo, na imani.

Kulipokucha waliamriwa kujitenga wale wanaosali. Yasimuliwa kwamba Kizito na Lwanga walikwenda wameshikana mikono. Wakafungwa, wakapelekwa Namugongo, wakangoja huko kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, Kizito alichomwa moto pamoja na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa mtakatifu, pamoja na Wakatoliki wenzake 21.

Na tuhesabu basi. Tangu ubatizo wake hadi kufa kwake zilipita siku nane, karibu zote akiwa kifungoni. Hakujenga kanisa, wala hakupata muda wa kulimbikiza matendo. Alimwendea Mungu na mikono iliyofungwa. Hata ule uthabiti wa mtoto mbele ya moto ulitoka kwake Yeye aliyemjalia ubatizo. Kanisa lafundisha kwamba neema hututangulia, na kwamba mastahili yetu yenyewe ni zawadi ya Mungu.

Lakini Kizito hakukaa bure: aliomba, alijifunza, na alipoitwa aliitika. Basi mgonjwa asiyeweza kupiga magoti asikate tamaa. Naye aliyekaa miaka mingi mbali na kitubio, kwa kujiona hafai, asingoje mpaka afae. Na arudi leo. Mvua inyeshapo Sepuka haiulizi shamba limestahili nini, ila aliyelima ndiye avunaye.

Mtakatifu Kizito, utuombee.