Hayati Shekhar Mehta: Dereva wa Safari

Mvua za masika zinapopamba moto mwezi wa Aprili, njia za udongo zinazokata mashamba ya miwa huko Malava, Kakamega, hugeuka utelezi, na trekta zilizosheheni miwa hukwama. Ni katika barabara za namna hiyo hayati Shekhar Mehta alipojijengea jina. Kwa miaka mingi mashindano ya magari ya Safari yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikinyesha. Madereva walitozwa adhabu kwa kila dakika waliyochelewa vituoni. Aghalabu mshindi hakuwa yule aliyekwenda mbio kuliko wenzake, bali yule ambaye gari lake lilistahimili.

Mehta alizaliwa nchini Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Alianza mashindano katika miaka ya 1960 akiendesha BMW. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari ya Afrika Mashariki kwa gari aina ya Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari la aina hiyo hiyo.

Datsun 240Z lilikuwa gari la michezo la viti viwili, lenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita 2.4. Mtu yeyote mwenye uwezo angeweza kulinunua na kulitumia kwenda kazini. Lile la mashindano liliimarishwa ili lihimili mashimo na matope, ila lilibaki gari halali la barabarani, lenye nambari za usajili. Hili lilikuwa sharti la lazima kwa kuwa barabara za Safari hazikufungwa: dereva alikutana na mabasi, malori na ng'ombe kama msafiri mwingine yeyote.

Mnamo Agosti 1972, Idi Amin aliwaamuru Waasia kuondoka Uganda katika muda wa siku 90. Anayeishi katikati ya miwa ya Malava anajua shamba kubwa hubeba maisha ya watu wangapi. Kuliacha si sawa na kuhama nyumba. Familia ya Mehta iliondoka, naye akaifanya Kenya kuwa kwao.

Miezi minane baadaye, katika Pasaka ya 1973, alirejea barabarani na Datsun 240Z, Lofty Drews akimwelekeza njia. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa miongoni mwa mashindano yake. Mwishoni Mehta na Harry Källström wa Uswidi walilingana kwa adhabu. Ushindi ukamwendea Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza.

Kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda Safari mara nne mfululizo kwa Datsun Violet, pamoja na Mike Doughty. Ushindi wake ukafika mara tano, na kwa zaidi ya miongo mitatu hakuna aliyeifikia idadi hiyo. Katika mashindano mengine mkewe, Yvonne, ndiye aliyekuwa mwelekezi wake. Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ilikatiza uendeshaji wake. Hata hivyo hakuuacha mchezo: aliiongoza tume ya rali ya shirikisho la magari duniani, FIA. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006.

Wakati huo Safari ilikuwa imekwisha kuondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Ilirejeshwa mwaka 2021, ikiwa bado na jina lake la Kiswahili. Neno hilo hilo ndilo linalomtambulisha Mehta popote anapotajwa. Aliyeamriwa kuondoka alikozaliwa alikuja kukumbukwa kwa neno la lugha ya Afrika Mashariki, na kwa ushindi alioupata kwa kutoharakisha kuliko barabara ilivyoruhusu. Wahenga hawakukosea: haraka haraka haina baraka.