Dokuchaev: Mwana wa kasisi aliyefumbua siri ya udongo

VASILY Dokuchaev alizaliwa mwaka wa 1846 katika kijiji cha Milyukovo, mkoani Smolensk, Urusi. Babaye alikuwa kasisi, naye alipelekwa seminari afuate nyayo hizo.

Hata hivyo, kijana huyo aliiacha njia ya ukasisi, akajiunga na Chuo Kikuu cha St Petersburg kusomea sayansi. Alihitimu mwaka wa 1871.

Enzi hizo, wataalamu wengi waliuona udongo kuwa vumbi la miamba iliyosagika, au ghala tu la madini yanayofyonzwa na mimea.

Ukame wa 1873 na 1875 uliitikisa imani hiyo. Nyanda za Urusi zilizosifika kwa udongo mweusi wenye rutuba zilikosa mavuno, na Dokuchaev akatwikwa jukumu la kuuchunguza udongo huo.

Mnamo 1877 na 1878 alizunguka maelfu ya kilomita akichimba mashimo na kukagua tabaka za ardhi: juu tabaka jeusi lenye mboji, katikati lile linalopokea vitu vinavyoshushwa na maji, na chini kabisa mwamba unaomomonyoka.

Matokeo aliyachapisha kitabuni mwaka wa 1883. Alibainisha kwamba udongo huundwa na mambo matano yanayoshirikiana: mwamba wa asili, hali ya anga, mimea na wanyama, umbo la ardhi, na muda. Mojawapo likibadilika, udongo nao hubadilika.

Njaa kali ilipoikumba Urusi mnamo 1891, msomi huyo hakulaumu mbingu pekee. Katika kitabu cha mwaka uliofuata, alieleza kuwa misitu ilikuwa imefyekwa na nyasi za asili kulimwa, hivyo maji yakawa yanatiririka na kuchimba makorongo badala ya kupenya ardhini.

Hakuishia katika maneno. Katika nyika ya Kamennaya, yeye na wenzake walipanda mikanda ya miti ya kukinga upepo na kuchimba mabwawa. Miti hiyo ingalipo hadi leo.

Miaka yake ya mwisho ilijaa majonzi. Mkewe alifariki mwaka wa 1897, naye, akiwa amedhoofishwa na maradhi, akaaga dunia mwaka wa 1903 akiwa na umri wa miaka 57.

Fundisho lake lamfaa hata mkulima wa Kenya. Udongo wa Mwea ni mweusi pia, lakini ni mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ndiyo maana wafaa mpunga.

Rangi pekee, basi, haitoshi kumwongoza mkulima. Sharti achimbe, atazame tabaka, na ajue shamba lake lilivyoumbika kabla ya kuchagua mbegu na mbolea.