Archimedes na Taji la Mfalme

Zamani sana, katika mji wa Sirakusa, aliishi mtu mmoja jina lake Archimedes. Mji huo uko pwani ya kisiwa cha Sisilia, kusini ya Italia, na upo mpaka leo. Wasomaji wa Biblia wamepata kuusikia. Mtume Paulo alikaa hapo siku tatu akiwa safarini kwenda Rumi. Lakini Archimedes aliishi zaidi ya miaka 250 kabla ya safari hiyo ya Paulo.

Alizaliwa mwaka 287 hivi kabla ya Kristo. Baba yake aliitwa Phidias, na kazi yake ilikuwa kuchunguza nyota. Wenyeji wa Sirakusa walikuwa Wayunani. Yaonekana Archimedes alipokuwa kijana alikwenda kusoma Iskanderia, huko Misri, kwenye maktaba kubwa. Aliporudi kwao aliendelea kuwaandikia barua wataalamu wa kule, akiwaeleza hesabu alizozipata.

Alikuwa mtu wa kuzama katika mawazo. Husimuliwa kwamba alisahau hata kula. Watumishi wake walimpeleka kuoga kwa nguvu, na huko pia alichora maumbo ya hesabu kwa kidole juu ya ngozi yake iliyopakwa mafuta.

Mfalme wa Sirakusa aliitwa Hiero. Siku moja mfalme alitaka kutoa taji la dhahabu kama sadaka kwa miungu yao. Akampa sonara dhahabu iliyopimwa kwa mizani. Sonara akafanya kazi yake, akaleta taji zuri sana. Lilipopimwa, uzito wake ulikuwa sawa na ule wa dhahabu aliyopewa. Mfalme akaridhika.

Baadaye maneno yakaanza kusemwa. Ilisemekana kwamba sonara ameiba sehemu ya dhahabu, na mahali pake ametia fedha yenye uzito ule ule. Fedha ni madini ya thamani, lakini bei yake ni ndogo kuliko ya dhahabu. Mfalme akakasirika, lakini hakuwa na ushahidi. Kulivunja taji hakutaka. Na kama sonara hakuiba, je, aadhibiwe kwa maneno ya watu tu? Basi akamwita Archimedes atafute njia ya kujua ukweli bila kuliharibu taji.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Mizani peke yake haikuweza kusaidia, maana kilo moja ya fedha na kilo moja ya dhahabu zina uzito mmoja. Tofauti yake ni nafasi. Dhahabu ni nzito sana kwa umbo lake, kwa hiyo kilo moja ya dhahabu ni kipande kidogo. Kilo moja ya fedha ni kipande kikubwa zaidi, karibu mara mbili. Kama ndani ya taji mlikuwa na fedha, basi taji lilichukua nafasi kubwa kuliko inavyopasa. Nafasi inayochukuliwa na kitu huitwa ujazo wake. Lakini utapimaje ujazo wa taji lenye majani na mapambo? Tofali unaweza kulipima kwa rula. Taji huwezi.

Siku moja Archimedes alikwenda kuoga. Aliingia katika hodhi lililojaa maji, na maji yakamwagika. Kadiri alivyozidi kujizamisha, ndivyo maji yalivyozidi kumwagika. Hapo akatambua jambo. Maji yaliyotoka yalikuwa na ujazo sawa na ule wa mwili wake uliozama. Basi taji nalo lingeweza kupimwa hivyo hivyo, hata likiwa na mapambo ya namna gani. Inasimuliwa kwamba aliruka kutoka majini akakimbia nyumbani uchi, akipiga kelele kwamba amelipata.

Akatengeneza vipande viwili, kimoja cha dhahabu tupu na kimoja cha fedha tupu. Kila kipande kilikuwa na uzito sawa na wa taji. Akajaza maji katika chombo mpaka ukingoni, akatumbukiza kimoja baada ya kingine, na kila mara akapima maji yaliyopungua. Fedha ilimwaga maji mengi. Dhahabu ilimwaga machache. Kisha akatumbukiza taji. Likamwaga maji mengi kuliko kipande cha dhahabu. Sonara alikuwa ameiba.

Tufanye hesabu yenyewe. Uzito wa taji hilo hatuujui, kwa hiyo tuseme lilikuwa na gramu 1,000. Sentimeta moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3. Ukigawanya 1,000 kwa 19.3 unapata karibu 52. Basi taji la dhahabu tupu lingemwaga sentimeta 52 za ujazo za maji. Sasa tuseme sonara aliiba gramu 300 na kutia gramu 300 za fedha. Sentimeta moja ya ujazo ya fedha ina gramu 10.5. Dhahabu iliyobaki, gramu 700, ingechukua nafasi ya sentimeta 36 hivi. Fedha ingechukua karibu 29. Jumla ni 65. Taji hilo lingemwaga maji zaidi kwa sentimeta 13 za ujazo, yaani kama vijiko viwili na nusu vya chai.

Uzito wa kitu ukigawanywa kwa ujazo wake, jibu huitwa densiti. Msomaji unaweza kuipata densiti ya jiwe hapo ulipo, ukiwa na mizani na chombo chenye alama za kupimia. Pima jiwe. Tuseme lina gramu 500. Tia maji katika chombo mpaka alama ya mililita 300. Zamisha jiwe polepole. Maji yakipanda mpaka alama ya 500, ujazo wa jiwe ni 500 kutoa 300, yaani mililita 200. Mililita moja ni sawa na sentimeta moja ya ujazo. Gawanya gramu 500 kwa 200. Densiti ya jiwe lako ni 2.5.

Kwa vitu vya majimaji kazi ni rahisi zaidi. Pima chupa ikiwa tupu. Ijaze lita moja ya mafuta ya kula, uipime tena. Toa uzito wa chupa. Utabakiwa na gramu 920 hivi, na lita moja ni mililita 1,000, kwa hiyo densiti ni 0.92. Maji ni 1. Ndiyo sababu mafuta huelea juu ya maji. Debe la maji, lita 20, lina kilo 20 bila uzito wa debe lenyewe. Debe la mafuta ya taa lina kilo 16 hivi, na mbebaji huiona tofauti hiyo shingoni.

Maziwa ya ng'ombe ni mazito kidogo kuliko maji. Lita moja ina gramu 1,030 hivi. Mtu akiongeza maji, hesabu hiyo hushuka. Wanunuzi wa maziwa hutumia kipimo cha kioo kinachoelea, na kikizama kupita alama yake hujua kuna maji yaliyoongezwa. Hata hivyo mjanja akiengua mafuta kwanza ndipo atie maji, kipimo hicho huweza kudanganyika.

Habari ya taji iliandikwa na Mrumi mmoja, Vitruvius, karibu miaka 200 baada ya Archimedes kufa. Mwenyewe hakuiandika katika vitabu vyake vilivyobaki. Mwaka 1586 Galileo, mtaalamu wa Italia, alisema kupima maji yanayomwagika ni njia isiyo sahihi sana. Aliona kwamba Archimedes angeweza kutumia mizani. Taji na dhahabu hulingana zikiwa hewani. Zikizamishwa majini, upande wa taji lenye fedha hupanda. Hilo linatokana na kanuni ambayo Archimedes kweli aliiandika: kitu kikizama majini, hupungua uzito sawasawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma.

Mfalme Hiero alikufa mwaka 215 kabla ya Kristo. Wakati huo Warumi walikuwa wakipigana na watu wa Karthago, na Sirakusa ikaacha urafiki na Rumi. Mwaka 213 jeshi la Marcellus likauzingira mji. Archimedes, akiwa mzee, aliunda mitambo ya kurusha mawe makubwa na mingine ya kunyanyua merikebu kwa makucha ya chuma. Warumi wakakaa nje ya mji muda mrefu. Wengine husema pia alichoma merikebu kwa vioo vya jua, lakini waandishi wa kale zaidi walioeleza vita hivyo hawakutaja vioo, nami siamini. Mwaka 212 mji ulitekwa. Marcellus alitaka Archimedes aachwe hai, lakini askari mmoja akamwua.

Kaburi lake lilisahauliwa. Mrumi aitwaye Cicero alilikuta mwaka 75 kabla ya Kristo, limefunikwa na miiba.

Kitabu chake juu ya vitu vinavyoelea nacho karibu kipotee. Nakala moja ya Kiyunani iliandikwa kwa mkono juu ya ngozi yapata miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 1229 maandishi yake yalikwanguliwa, na juu ya ngozi ile ile yakaandikwa maneno ya sala. Mwaka 1906 mtaalamu wa Denmark, Heiberg, aliona alama hafifu chini ya sala hizo, akatambua ni maneno ya Archimedes. Kuanzia mwaka 1999 wataalamu huko Baltimore, Marekani, walizipiga picha kurasa hizo kwa mianga maalumu, na maneno yaliyokwanguliwa yakasomeka tena.