Al-Khazini na Mizani ya Hekima

Miongoni mwa wanazuoni wa Kiislamu walioshughulikia uzito wa vitu, Abdur-Rahman al-Khazini ana daraja ya pekee. Alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kiyunani, akalelewa Marw, mji ambao leo ni magofu nchini Turkmenistan. Bwana wake alimsomesha hesabu na falsafa, naye akaja kuwa mwanafalaki aliyemtungia Sultani Sanjar wa Waseljuki majedwali ya nyota.

Alikuwa mtu wa kukinai. Inasimuliwa kwamba alipopelekewa dinari 1,000 kutoka kwa Sultani alizirudisha, akieleza kuwa anazo 10, matumizi yake ya mwaka hayapiti 3, na nyumbani hana anayeishi naye ila paka.

Kitabu chake, Mizan al-Hikma, alikiandika mwaka 1121. Humo ameeleza mizani ya kubaini dhahabu iliyochanganywa, kwa kuipima hewani kisha majini. Kabla yake al-Isfizari aliunda mizani ya aina hiyo, lakini mtunza hazina wa Sultani akaivunja kwa kuogopa hiana yake kufichuka. Wasimulizi husema al-Isfizari alikufa kwa huzuni.

Al-Khazini aliandika pia kwamba uzito wa kitu hutegemea umbali wake na kitovu cha ulimwengu. Hapa yatupasa uadilifu, kwani wapo wanaompa sifa ya Newton. Yeye alishika kwamba kitu kikiwa mbali zaidi uzito huongezeka. Newton, mwaka 1687, alionyesha kwamba juu ya uso wa dunia hupungua: umbali kutoka kitovuni ukiwa maradufu, mvutano hubaki robo. Tena alithibitisha jambo ambalo al-Khazini hakulisema, kwamba kila chenye tungamo, yaani wingi wa mata iliyomo, huvuta kingine. Tungamo la kimoja likiwa maradufu, mvutano nao huwa maradufu. Embe linaloanguka huivuta dunia kwa nguvu ile ile ambayo dunia hulivuta, ila tungamo la dunia ni kubwa mno hata isionekane kusogea. Mwaka 1798, huko London, Cavendish alitangaza vipimo vya mvutano baina ya matufe ya risasi.

Lililo la al-Khazini mwenyewe, naye alilisema sawasawa, ni kwamba hewa nayo hubeba vitu kama maji: kitu kikitoka kwenye hewa nzito kwenda nyepesi, uzito wake mizanini huzidi. Wapimaji wa maabara hadi leo hurekebisha hesabu zao kwa ajili ya hewa hiyo.