Philly Lutaaya: Mwimbaji aliyeuanika Ukimwi hadharani

MWAKA wa 1989, mtu aliyepatikana na virusi vya Ukimwi katika Afrika Mashariki alijua njia moja tu, nayo ni kunyamaza. Jamaa zake walinyamaza, tabibu alinong'ona, na siku ya mazishi waombolezaji wakaambiwa kwamba marehemu aliuawa na malaria, kifua kikuu au mkono wa mtu. Ni katika mwaka huo ambapo mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa kileleni mwa umaarufu wake, Philly Bongoley Lutaaya, alijitokeza na kuwatangazia wananchi wenzake kwamba alikuwa akiugua maradhi hayo. Hapakuwa na mtu mashuhuri wa nchi hiyo aliyekuwa amethubutu kufanya hivyo kabla yake.

Lutaaya alizaliwa Oktoba 19, 1951. Aliingia katika uimbaji mwishoni mwa miaka ya sitini, akiwa bado kijana mbichi, na masomo akayapa kisogo. Muongo uliofuata haukuwa na huruma kwa wasanii wa Uganda. Idi Amin alitwaa mamlaka Januari 1971, uchumi ukaporomoka, maisha ya usiku yakawa ya hatari na bendi nyingi zikasambaratika. Wanamuziki wengi walivuka mipaka kutafuta riziki, na Lutaaya naye alipitia Zaire na Kenya kabla ya kuhamia Uswidi katika miaka ya themanini.

Katika jiji la Stockholm, mbali na kwao, ndiko alikotunga na kurekodi nyimbo zilizomjengea jina. Albamu yake, Born in Africa, iliwafikia Waganda wakati mwafaka. Yoweri Museveni alikuwa ametwaa uongozi Januari 1986 baada ya vita vya msituni, na ingawa kaskazini bunduki hazikuwa zimenyamaza, wakazi wa Kampala walikuwa wameanza tena kutoka usiku, kucheza densi na kujivunia asili yao. Sauti ya mtoto wa nyumbani aliyeipenda nchi yake kutoka ughaibuni iliwagusa. Isitoshe, alirekodi pia albamu ya nyimbo za Krismasi, nayo ikapendwa mno.

Hata hivyo, nchi aliyokuwa akiiimba ilikuwa na kidonda. Mapema miaka ya themanini, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilayani Rakai, kando ya Ziwa Victoria, watu walianza kukonda na kufa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo siliimu, kwa jinsi ulivyomwondolea mtu nyama na kumwacha mifupa. Wapo walioamini kuwa ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa mali zao na walanguzi wa Kasensero. Upande wa Tanzania, mkoani Kagera, watu waliupa jina la Juliana, kutokana na nguo ya fahari iliyoletwa na biashara hiyo hiyo ya magendo. Oktoba 1985 madaktari waliofanya utafiti Rakai na Masaka walichapisha matokeo yao katika jarida la kitabibu la Lancet, wakiuhusisha ugonjwa huo na virusi vinavyosababisha Ukimwi.

Serikali mpya ya Uganda haikuficha. Mei 1986 waziri wa afya, Ruhakana Rugunda, aliueleza mkutano wa afya duniani mjini Geneva kwamba Ukimwi umeingia nchini mwake. Mwaka uo huo, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote mjini Harare, Fidel Castro alimdokezea Museveni kwamba kati ya wanajeshi 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikuwa wameambukizwa. Redioni kukaanza kupigwa ngoma ya onyo, na wanandoa wakaaswa walishe papo hapo walipofungwa, mfano wa ng'ombe aliyefungwa kamba kigingini. Mwaka wa 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa Ukimwi, aliungana na wenzake kuanzisha shirika la TASO la kuwatunza wagonjwa.

Lakini maonyo hayo yote yalikuwa na upungufu mmoja: hayakuwa na uso. Ukimwi ulikuwa ugonjwa wa watu wengine, wa malaya, madereva wa malori na wavuvi. Picha iliyochorwa vichwani mwa watu ilikuwa ya mgonjwa aliyelala kitandani, ngozi imeshikana na mfupa. Lutaaya alipotangaza hali yake alikuwa bado na mwili wa kumtosha na sauti ya kuimba. Hilo ndilo lililowachanganya wengi. Baadhi walisema anatafuta kuuza kanda zake. Wengine walidai amelipwa ili awatishe watu. Kejeli hizo zilimfuata kila alikokwenda, na kwa mtu aliyekuwa ametoa siri kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, ni vigumu kufikiria malipo machungu zaidi ya hayo.

Hapana budi kukumbuka alichokiweka hatarini. Alikuwa baba wa watoto, na jina lao lilikuwa lake. Alikuwa akiishi kwa kupendwa na umma, na umma uliogopa hata kumpa mkono mtu mwenye virusi. Angeweza kubaki Uswidi, ambako hospitali zilikuwa bora na majirani hawakumjua, akafa kimyakimya na kuacha sifa zake bila doa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wakati ule wengi waliona afadhali kilio kiwaumbue wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Badala yake alirudi nyumbani na kuanza ziara. Alikwenda shuleni na makanisani katika sehemu mbalimbali za nchi, akazungumza na vijana waliokuwa wakizijua nyimbo zake kwa moyo, akawaeleza ugonjwa unavyoambukizwa na jinsi ya kujiepusha nao. Alirekodi albamu yake ya mwisho, Alone, ambayo wimbo wake mkuu unasimulia upweke na hofu ya mtu aliyekwisha kujua kwamba anakufa. Aliuimba wimbo huo mbele ya umati huku nguvu zikimwishia. Safari hizo zilinaswa katika filamu ya hali halisi iliyoonyeshwa kwenye televisheni nchini Marekani mwaka wa 1990, na ndani yake mtazamaji anaona mwili ukipungua kadiri miezi inavyosonga. Wale waliodhani ni maigizo walipata jibu lao kwa macho.

Tiba haikuwapo. Dawa ya AZT ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka wa 1987, lakini ilikuwa ghali kupindukia na peke yake haikuweza kuvizuia virusi kwa muda mrefu. Matibabu ya kuchanganya dawa, ambayo yangeugeuza Ukimwi kuwa maradhi ya kuishi nayo, yalianza kutumika mwaka wa 1996. Lutaaya hakuwa na miaka hiyo saba. Alifariki katika hospitali ya Nakasero, Kampala, Desemba 15, 1989, akiwa na umri wa miaka 38.

Mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha ushauri na upimaji wa hiari kilifunguliwa jijini humo. Baadaye watu wanaoishi na virusi walianza kuzunguka shuleni wakitoa ushuhuda wa maisha yao, chini ya mpango uliopewa jina la Lutaaya. Katika hospitali ya Nsambya, karibu asilimia 30 ya wajawazito waliopimwa mwaka wa 1992 walikuwa na virusi. Kufikia 2002 kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 10. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu za kushuka huko. Wako wanaotaja mabadiliko ya tabia, na wako wanaokumbusha kwamba vifo vingi navyo vilipunguza hesabu ya walioambukizwa. Mchango wa mwimbaji mmoja haupimiki maabarani.

Nchini Kenya, ambako mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka wa 1984, mambo yalikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Rais Daniel arap Moi aliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka kumi tangu Lutaaya azikwe.

Kwao Uganda hasahauliki, hata na waliozaliwa muda mrefu baada yake. Siku ya kumbukumbu ya kifo chake huangukia siku kumi kabla ya Krismasi, na huo ndio msimu ambapo madukani, ndani ya teksi na majumbani jijini Kampala nyimbo zake za sikukuu hufunguliwa kwa sauti ya juu, na watoto huziimba.