Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka aliyempa kinyonga jina la Ituri

Kwetu, kuanzia Iga Barrière mpaka ndani ya pori la Mambasa, watu wengi hawapendi hata kumgusa kinyonga. Lakini yupo kinyonga mmoja anayebeba jina la jimbo letu katika vitabu vya dunia nzima: Trioceros ituriensis. Aliyemwita ituriensis, mwaka wa 1919, ni Mmarekani Karl Patterson Schmidt.

Schmidt alizaliwa tarehe 19 mwezi wa sita 1890 kule Lake Forest, karibu na Chicago. Alimaliza masomo kwenye chuo kikuu cha Cornell mwaka wa 1916, akaingia kazi katika museum kubwa ya viumbe ya New York. Huko alikuta mzigo uliotoka kwetu. Wazungu wawili, Herbert Lang na James Chapin, walikuwa wamezunguka kaskazini-mashariki mwa Congo tangu 1909 hadi 1915, wakati wa Wabelgiji. Walipita Avakubi kando ya mto Ituri, Medje, Niangara, Faradje. Walirudi na makumi ya maelfu ya viumbe: ndege, nyama wa pori, nyoka, mijusi, vyura.

Schmidt njo alipewa kazi ya kufungua chupa za nyoka na mijusi, kupima, kuhesabu magamba, kulinganisha. Kitabu chake cha kasa, mamba, mijusi na vinyonga kilitoka 1919, cha nyoka kikatoka 1923. Vyura aliviandika mwenzake Noble, mwaka wa 1924. Ndani ya chupa hizo Schmidt aliona pia mamba mfupi wa vijito vya msituni, akasema huyu si sawa na yule wa Afrika ya Magharibi. Alimpa jina la Osborn, mkuu wa museum. Wengine walikataa wazo hilo kwa miaka mingi. Kumbe karibu miaka tisini baadaye uchunguzi wa damu na nyama yake ulionyesha kwamba Schmidt alikuwa na haki. Jina la mkuu wa New York liko juu ya mamba huyo mpaka leo. La mwanakijiji aliyeingia majini kumkamata haliko.

Mwaka wa 1922 alihamia Field Museum ya Chicago, akakaa huko mpaka pensheni yake 1955. Tangu 1941 alikuwa mkuu wa sehemu yote ya wanyama.

Lakini kuhesabu magamba hakukumtosha. Swali lililomsumbua ni hili: wanyama wasioruka angani, na wengine wasioweza maji ya chumvi, walifikaje mabara mbalimbali? Chukua chura wetu wa mabwawa, yule laini mwenye kucha za miguu anayeishi majini. Ndugu zake wa karibu wako Afrika na Amerika ya Kusini tu. Katikati kuna bahari ya Atlantiki, na chura ana ngozi nyembamba. Chumvi inamkausha haraka.

Wakati wa Schmidt, wataalamu wengi wa Marekani walifundisha kwamba mabara hayajawahi kusogea. Kwao, wanyama wengi walianzia kaskazini, wakatembea kwa miguu kupitia ardhi iliyounganisha Asia na Amerika, wakateremka kusini, kisha wale waliobaki kaskazini wakafa. Mjerumani Wegener alikuwa amesema tangu 1912 kwamba mabara yenyewe yanahama, lakini wengi walimcheka. Schmidt alibaki upande wa walimu wake wa New York. Aliichora upya ramani ya makundi ya wanyama wa dunia mwaka wa 1954, na kazi hiyo ilisomwa sana.

Tarehe 25 mwezi wa tisa 1957, zoo ya Lincoln Park ilimletea nyoka mdogo kutoka Afrika ili aseme ni wa aina gani. Alifanana na boomslang, nyoka wa miti anayeishi sehemu nyingi za Afrika kusini ya Sahara, lakini gamba moja karibu na mkia halikuwa kama kawaida. Schmidt alimshika ili aangalie vizuri. Nyoka akamuuma kwenye kidole gumba cha kushoto, na jino moja tu likaingia kidogo.

Wakati ule wengi waliona nyoka huyo mchanga hawezi kuua mtu. Schmidt hakwenda hospitali. Alipanda treni akarudi nyumbani, akaanza kuandika saa kwa saa yale aliyoyasikia mwilini: kichefuchefu, homa, damu kwenye fizi. Asubuhi alikula, akapiga simu kazini kwamba anaendelea vizuri. Mchana alikufa. Alikuwa na miaka 67. Waganga walipompasua walikuta damu imevuja kwenye mapafu, figo, moyo na ubongo. Sumu ya boomslang inazuia damu kuganda na inafanya kazi polepole, njo maana aliyeumwa anaweza kujidanganya siku nzima kwamba amepona.

Miaka kumi tu baadaye, wataalamu wa miamba walikuwa wamekubali kwamba mabara yanasogea kweli. Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana karibu miaka milioni 100 iliyopita, na wazee wa wale vyura wa mabwawa walikuwa tayari huku na huku. Hawakuvuka bahari; bahari iliingia katikati yao.

Hata hivyo, si wote walibebwa na mabara. Vinyonga walitoka Afrika wakafika Madagaska baharini, labda juu ya miti iliyong'olewa na maji. Na kisiwani São Tomé, zaidi ya kilometa 200 kutoka Gabon, kuna chura wa majani ambaye ndugu zake wa karibu wako Afrika ya Mashariki, si kule pwani ya magharibi. Mwaka wa 2007 watafiti waliandika kwamba huenda wazee wake waliteremka na mto Congo juu ya visiwa vya nyasi, wakatupwa baharini mahali ambapo maji ya mto yanapunguza chumvi. Maji ya Shari, hapa Bunia, yanaingia Ituri. Ituri inageuka Aruwimi. Na Aruwimi inaingia mto Congo kule Basoko.